Glavu za kuendeshea kwenye baridi: maswali ninayoulizwa kila mara stegini, kwenye kituo cha boda boda Kabale

Nilizaliwa Busia, mpakani na Kenya, kule ambako kazi ya boda boda ilianzia kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Busia ni joto. Nilipohamia Kabale, milimani kusini-magharibi mwa Uganda, na pikipiki yangu nilikuja na jaketi jepesi na mikono mitupu, na wenyeji wakaniangalia kama mtu aliyekuja msibani na ngoma. Tangu hapo nimenunua glavu nyingi, nyingine za kijinga kabisa. Watu wakiona nimevaa jozi mpya wanauliza maswali yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Wa baiskeli nao wamo.

Uganda iko kwenye ikweta. Baridi gani hiyo ya kuvalia glavu?

Ikweta inapita Kayabwe, barabara ya Masaka, pale watalii wanapopigia picha, na kweli pale huhitaji glavu ya baridi. Lakini baridi yetu haifuati majira kama ya Ulaya, inafuata mlima. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu 2,000. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa nyuzi sita hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo mtu wa Kampala akifika hapa amepoteza nyuzi tano bila kufanya kosa lolote. Ukiendelea kwenda Kisoro unaingia msitu wa Echuya, kwenye mianzi, juu ya mita 2,200, na huko ukungu unaweza kukaa barabarani hadi watoto wamefika shule. Watu wa Kapchorwa na wa miteremko ya Elgon wanajua ninachosema.

Hapo bado hujawasha pikipiki. Alfajiri ya Kabale mara nyingi huwa nyuzi 10 hadi 12. Kuna hesabu ya upepo na baridi ambayo watabiri wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada wanaitumia tangu 2001: hewa ya nyuzi 10 ukiikata kwa kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 5. Na mikono ndiyo iko mbele ya yote, imeshika chuma, haijifichi popote.

Tuna baridi mbili. Ya Juni na Julai ni kavu: mvua imekatika, usiku hauna mawingu, joto la ardhi linapaa, na saa kumi na mbili asubuhi ndiyo inauma kabisa. Ya Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, ni ya maji. Glavu nzuri kwa moja inaweza kuwa takataka kwa nyingine. Usisahau hilo ukifika sokoni.

Si nivumilie tu? Mikono huzoea.

Mikono haizoei kiasi unachodhani, inachofanya ni kuacha kukuambia. Mwili ukihisi baridi hupunguza damu ya vidoleni ili kifua na tumbo vibaki na joto. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, vidole vinakuwa vizito na vya polepole. Ikikaribia nyuzi 8, unaanza kutosikia ulichoshika.

Wiki yangu ya pili hapa nilibeba trei kumi za mayai kwenda Katuna kabla jua halijatoka. Mbuzi akavuka. Nikaamuru vidole vikamate liva ya breki na vidole vikabaki vilevile, kama vya mtu mwingine. Breki ya mguu ndiyo iliyoniokoa, mimi na mbuzi. Mayai mawili tu yalipasuka. Nilipofika, mkono wa kulia ulikuwa umejikunja umbo la mpini wa mafuta na haukunyooka. Mama mwenye duka alilazimika kuingiza mkono wake mfukoni mwangu kutoa chenji, huku akicheka na kusema, "Sebo, leo umekuja na makucha." Siku hiyohiyo nilinunua glavu zangu za kwanza. Zilikuwa mbaya, lakini hayo yanakuja.

Dukani niangalie nini kwanza?

Upepo kwanza. Wengi huanza na unene, wanaibonyeza glavu kama wanachagua mkate, na hapo ndipo pesa inapopotea. Sufu nene iliyofumwa kwa sindano ni tamu ukiwa umekaa, lakini kwa kilomita 50 upepo unapita kwenye matundu yake kama hakuna kitu. Jaribio ni rahisi: weka mgongo wa glavu mdomoni, puliza kwa nguvu, na uweke kiganja chako upande wa ndani. Ukisikia pumzi yako, upepo wa Echuya utapita pia.

Pili angalia kiganja, yaani mshiko. Swali linalofuata ni la hilo.

Tatu, kifundo cha mkono. Pale ndipo damu inapita karibu na ngozi, na pale ndipo glavu nyingi fupi zinaacha mwanya wa vidole viwili kati yake na mkono wa jaketi. Tafuta inayofika juu ya mfupa wa kifundo na inayoweza kubanwa, kwa elastiki au kwa kile kitambaa cha kunata.

Unene uwe wa mwisho. Mwambie muuzaji aweke sarafu ya shilingi 100 mezani. Kama huwezi kuiokota ukiwa umevaa glavu, basi hutaweza kuwasha indiketa bila kutazama chini, wala kuisikia liva ikianza kukamata. Irudishe.

Kiganja cha glavu kiwe cha nini ili kisiteleze?

Inategemea unashika nini na kimelowa na nini.

Ngozi ya mbuzi ndiyo niipendayo. Ni nyembamba, laini, inafuata kidole, na kwa unene wake ni ngumu kuchanika. Ngozi ya ng'ombe inalinda vizuri ukianguka lakini ikiwa nene inachukua wiki kadhaa kulegea, na ikilowa kisha ikakaushwa vibaya inakuwa kama ukoko wa ugali. Ngozi ikiwa na unyevu kidogo inashika vizuri. Ikitota maji, inateleza.

Kisha kuna zile glavu za kazi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi: uzi uliofumwa, na kiganja kimechovywa kwenye mpira. Watu wanazidharau kwa sababu ni za mafundi. Mimi sizidharau hata kidogo. Lakini zitazame vizuri, kwa sababu mipira ni miwili. Ule wa lateksi wenye mikunjo mikunjo unashika vitu vilivyolowa maji kuliko karibu kila kitu utakachopata kwa bei hiyo. Ubaya wake ni petroli na oili: mpira wa asili ukiguswa na mafuta unavimba, unanata, unaanza kubanduka. Ule wa naitrili, ambao mara nyingi ni laini na mweusi au kijivu, unavumilia mafuta vizuri, ila kwenye maji matupu hauna ukali uleule. Kama wewe ndiye unayekaza cheni yako na kujimwagia petroli kila siku, chukua naitrili. Kama kazi yako ni kupita kwenye mvua, chukua lateksi na uivue unapogusa injini.

Zenye vidoti vya plastiki kiganjani mimi nazikwepa. Vidoti vinang'oka kimoja kimoja, kwanza pale kidole gumba kinapokutana na mpini, na baada ya miezi miwili umebaki na pamba tupu mahali hasa ulipotaka mshiko.

Pitisha pia kidole ndani ya kiganja utafute mishono. Mshono mnene unaopita katikati ya kiganja huusikii dukani. Utausikia ukifika Muko, na ukifika Kisoro utakuwa umekuchora mstari mwekundu.

Jambo moja wasilouliza: mara nyingi kinachoteleza si glavu. Raba za usukani zikishakuwa na upara, zing'ae kama kichwa cha mzee, hakuna glavu itakayozishika. Raba mpya ni bei ndogo. Badilisha hizo kabla ya kulaumu glavu.

Nimeona glavu nene sana za mivumba, yaani mitumba, zimeandikwa za theluji. Si ndizo zenye joto zaidi?

Ndizo hizo nilizonunua siku ya makucha. Zilikuwa za bluu, zimejazwa kama godoro, na mkono ulipata joto hadi jasho. Tatizo lilikuja kwenye klachi. Zile zimeshonwa kwa ajili ya mtu anayeteleza kwenye theluji akiwa ameshika fimbo. Hana liva, hana indiketa, hana chenji ya kurudisha. Ujazo unakaa kati ya kidole na liva, na unapobana unabana sponji kwanza, breki baadaye. Ujazo ukijikusanya ndani ya vidole, liva hairudi vizuri na unaendesha huku klachi imekamatwa nusu bila kujua. Mimi nilidhani pikipiki imeharibika. Fundi akaikagua, akaijaribu kwa mikono mitupu, akanirudishia akiwa ananiangalia vibaya.

Lakini mivumba ina hazina pia. Geuza glavu ndani nje utafute lebo. Namba za EN ni viwango vya Ulaya. Alama ya nyundo na namba EN 388 ni ya glavu za kazi. Inahusu kuchubuka na kukatika, haisemi lolote kuhusu joto. Alama ya chembe ya theluji na EN 511 ni ya baridi, na chini yake kuna tarakimu tatu: ya kwanza ni baridi ya hewa, ya pili ni baridi ya kushika kitu kilichopoa, zote hadi 4, na ya tatu ni maji, 0 au 1. Ukiona 1 mwishoni, ilipokuwa mpya haikupitisha maji kwenye kipimo. EN 13594 ni ya waendesha pikipiki hasa. Hiyo ukiikuta kwenye mivumba, na mishono imekaza, lipa bila kubishana sana kabla mwingine hajaiona.

Zipo glavu ambazo kweli hazipitishi maji?

Zipo, na zinapitisha maji.

Nieleze. Glavu nzuri za mvua zina utando mwembamba kati ya kitambaa cha nje na bitana. Mashuhuri zaidi ni ule unaoitwa Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969: matundu yake ni madogo kuliko tone la maji lakini makubwa kuliko mvuke, hivyo mvua inabaki nje na jasho linatoka. Unafanya kazi. Lakini kitambaa cha nje kikishachakaa na kujaa vumbi kinanyonya maji na kukaa kimelowa. Jasho halitoki tena, upepo unakipoza kitambaa, na wewe unahisi glavu imevuja kumbe haijavuja. Na nyingi zinazouzwa barabarani kwa maneno hayo hazina utando wowote, zina kitambaa cha mwavuli tu, na kila tundu la sindano ni mlango.

Njia kubwa ya maji lakini ni mkono wa jaketi. Kwenye boda tunakaa wima, mabega juu, mikono chini. Mvua inashuka kwenye mkono wa jaketi kama kwenye bati na inamwagika moja kwa moja ndani ya glavu. Kwa hiyo mvua ikianza, mkono wa jaketi uwe juu ya glavu. Baridi ikiwa kavu, geuza: glavu iwe juu ya mkono wa jaketi ili upepo usipande hadi kwapani. Nimewaona watu wenye glavu za bei kali wakilowa kwa kosa hili tu.

Ujanja wa bei ndogo: vaa ndani zile glavu nyembamba za hospitali, halafu glavu ya kawaida juu. Maji yakipita ya nje hayaigusi ngozi, na upepo unakwama. Jasho litakuwepo, baada ya saa moja vidole vitakuwa na mikunjo kama umefua nguo za kijiji kizima, lakini vitakuwa na joto. Wengine hutumia kavera, mfuko wa plastiki. Inasaidia ukikwama njiani, ila inateleza ndani ya glavu, mshiko unapotea. Mimi kavera nimeiacha.

Ndani usivae pamba. Pamba ikilowa inakaa imelowa, na maji yanaiba joto la mwili haraka mno kuliko hewa kavu. Sufu, hata ya sweta kuukuu iliyokatwa na kushonwa, inaendelea kutunza joto kidogo ikiwa na unyevu. Kitambaa chenye manyoya ya poliesta nacho kinakauka upesi.

Saizi yangu ni ipi?

Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha kiganja pale kwenye konzi, bila kidole gumba, ngumi ikiwa imelegea. Sentimita 20 ni saizi 8, kama 23 ni saizi 9, kama 25 ni saizi 10. Namba hizo ni inchi tu zilizovaa suti.

Inayobana si ya joto. Kinachokupasha si kitambaa, ni hewa iliyotulia ndani yake pamoja na damu yako mwenyewe, na glavu inayobana inafukuza vyote viwili. Ukikunja ngumi na ngozi ya glavu ikavuta ncha za vidole, panda saizi moja. Kubwa mno nayo ina hatari yake: ncha tupu inayoning'inia mbele ya kidole inaweza kuingia kati ya liva na mpini. Dada mmoja anayeendesha boda hapa mjini alichoka kutafuta saizi 7 kwenye vibanda vya wanaume, akaenda upande wa nguo za watoto wa shule kwenye mivumba, akapata za ngozi zilizomkaa kama zilishonwa kwake.

Mimi naendesha baiskeli ya mizigo, ile ya breki za fito. Ushauri ni uleule?

Si uleule kabisa. Baiskeli yenye breki za fito haina waya. Liva imelala sambamba chini ya usukani na unaivuta kwenda juu kwa vidole vyote vinne. Nafasi kati ya liva na mpini ni ndogo. Glavu nene ikiingia pale, vidole vinajaza nafasi yote na liva haina pa kwenda. Umevuta, umefika mwisho, na raba za breki hazijaugusa ukingo wa gurudumu sawasawa. Ukiwa na magunia mawili ya viazi mteremko wa Hamurwa, hilo si jambo la kujaribu.

Basi kwa baiskeli hiyo: nyembamba, ya mpira kiganjani, ya kukinga upepo mgongoni, basi. Kupanda mlima utatoa jasho mwenyewe. Wengi huzivua na kuziweka kwapani ndani ya shati, na kuzivaa tena kileleni zikiwa na joto. Hiyo nimejifunza kwa wauza mkaa na ni akili kubwa. Ukizifunga kwenye usukani wakati wa kupanda, utazivaa zikiwa zimelowa umande.

Wanaoendesha baiskeli za michezo, zenye liva za waya, wana uhuru zaidi, kwa sababu kidole kimoja au viwili vinatosha kusimamisha gurudumu. Wao waangalie kiganja kiwe na sponji kidogo chini ya kidole cha mwisho. Ukiegemea usukani saa nyingi, kuna mshipa wa fahamu pale unaominywa na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi hata kukiwa na jua.

Na zile zilizokatwa vidole?

Za Jinja mchana, kwenye joto.

Mifuko ile ya kufunika usukani inafaa?

Inafaa kuliko glavu nyingi, na inashangaza tunavyoionea haya. Ni mfuko wa turubai au ngozi bandia unaofungwa kwenye usukani, mkono unaingia kutoka nyuma, na upepo na mvua vinaishia nje. Ndani unaweza kuvaa glavu nyembamba kabisa na ukaendelea kusikia liva. Fundi wa viti vya pikipiki anaweza kukushonea; mwambie aweke kitu kigumu mdomoni, waya au kipande cha dumu, ubaki wazi daima. Mkono lazima utoke na kuingia bila kutafuta mlango. Na akishamaliza, kaa juu ya pikipiki ikiwa imezimwa, kata usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, uone kama mfuko unasukuma liva ya breki. Wa kwanza wangu ulikuwa unaisukuma, taa ya nyuma ikawaka siku nzima, na kila aliyekuwa nyuma yangu alidhani nasimama.

Sina pesa ya glavu za pikipiki. Nifanyeje wiki hii?

Jozi ya glavu za kazi zenye lateksi, kubwa saizi moja kuliko yako, na ndani yake glavu nyembamba za sufu au poliesta. Pale kwangu jozi hiyo ya nje hainifikishi mbali sana na bei ya lita moja au mbili za petroli. Mgongo wa glavu za kazi ni uzi mtupu, upepo unapita, kwa hiyo mpe fundi cherehani kipande cha koti la mvua lililochanika akushonee juu ya mgongo tu, asiguse kiganja. Hazitakulinda ukianguka kwenye lami kama ngozi ingefanya, huo ndio ukweli wake, kwa hiyo endelea kuweka akiba.

Na funika kifua. Mwili ukihisi kifua kimepoa, unafunga mfereji wa damu kwenda vidoleni, hata glavu iwe ya nani. Gazeti la jana likikunjwa mara mbili na kuwekwa chini ya jaketi, mbele, linasaidia mikono kwa namna ambayo utaamini ukijaribu.

Wazee wanasema tone la waragi asubuhi linapasha mikono. Kweli?

Unahisi joto kwa sababu waragi inafungua mishipa ya ngozi, damu inakimbilia nje. Kisha upepo unaichukua joto lote hilo, na baada ya nusu saa mwili wako mzima una baridi kuliko aliyekunywa chai. Sijataja bado polisi wala kona. Kikombe cha bushera ya moto, uji wetu wa mtama, kinafanya kazi bora na hakina harufu.

Sigara nayo inabana mishipa ya vidole. Nimewapoteza marafiki wengine stegini kwa kusema hivi.

Vidole vyangu vinageuka vyeupe kabisa hata nikiwa na glavu nzuri. Ni za kubadilisha?

Hapana, hapo si glavu. Vidole vikigeuka vyeupe kama karatasi, kisha bluu, halafu vyekundu na kuchoma vikipata joto, nenda ukaonane na daktari. Kuna watu ambao mishipa yao hubana kupita kiasi kwa baridi, na mtetemo wa mashine kwa miaka mingi unaweza kuleta hali inayofanana. Usivipashe juu ya moto. Ngozi iliyokufa ganzi inaungua bila kukuarifu. Kwapani, au maji ya uvuguvugu.

Simu je? Nikivua glavu kila mteja akipiga, faida iko wapi?

Kioo cha simu kinasikia umeme mdogo wa ngozi, kwa hiyo glavu ya kawaida haikigusi. Zipo zenye uzi maalumu kwenye ncha ya kidole cha shahada, zinafanya kazi zikiwa mpya na kavu. Mimi nimeziacha, nasimama, navua, napokea. Anayepokea simu akiwa anaendesha hana shida ya glavu.

Nizitunzeje zisinuke na zisikakamae?

Glavu za ngozi zilizolowa usiziweke juu ya sigiri. Najua inavutia, makaa yapo, usiku ni mfupi. Moto unakausha mafuta ya ngozi na asubuhi unakuta umbo la mkono lisilofunguka. Zijaze magazeti, zitundike mahali penye hewa, badilisha magazeti kabla ya kulala. Zikikauka, paka mafuta ya ngozi kidogo mgongoni na kwenye vidole, kiganja kifute karibu kikauke, la sivyo unajitengenezea utelezi mwenyewe.

Za mpira zifue na sabuni ya kipande, zigeuze, ndani kwanza. Jua kali linaua lateksi, kwa hiyo kivulini.

Ndugu yangu yuko Ulaya anauliza anitumie zipi. Nimwambie nini?

Asikutumie za majira ya baridi ya kwao. Kule mtu anaendesha kwenye nyuzi sifuri na chini, na glavu zake zimejengwa kwa hilo. Hapa saa nne jua limetoka na utakuwa unazibeba. Mwambie za majira ya kati, za pikipiki, zenye EN 13594, kiganja cha ngozi ya mbuzi, utando wa mvua, bitana nyembamba, na zifike juu ya kifundo. Mpe sentimita zako, usimpe M wala L, kwa sababu L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine.

Nimepoteza glavu moja tu. Inauzwa peke yake?

Haiuzwi. Ndiyo maana, nikipata jozi ninayoipenda na ikiwa si ya bei kali, nanunua jozi mbili zinazofanana. Inayopotea ni ya kulia karibu kila mara: ndiyo unayoivua kuhesabu chenji, unaiweka juu ya tangi, abiria anapanda, unaondoka. Kwangu nyumbani kuna za kushoto tatu kwenye msumari nyuma ya mlango, na ikitokea umepita stegini ukiwa umepoteza ya kushoto, saizi 9, niulize.